Anayelia Nyuma ya Ukumbi

Mimi siwaamini watu wanaolia sinemani. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ni ugonjwa wa kazi tu, kama fundi viatu anavyokutazama miguuni kabla hajakujibu salamu. Nimekuwa nikihakiki filamu gazetini miaka mingi, na wasomaji wamenibandika jina la Ndimu, kwa kuwa wanadai hata harusi naweza kuichachusha. Jina silikatai. Afadhali kuitwa ndimu kuliko kuitwa sukari na bwana anayetaka sifa za bure.

Kwa hiyo ilipokuja filamu ya Sahani ya Baba, nilikwenda kuiona uso nikiwa nimeshaukunja. Hadithi yenyewe mtoto wa shule angekutabiria. Baba anafariki. Mama anaendelea kumwekea sahani mezani kila mlo. Watoto wanagombania nyumba mpaka wananuniana, halafu mwishoni wanarudi, wanakaa mezani kimya, na kitinda mimba anaivuta ile sahani na kula. Basi. Filamu za namna hiyo nimeziona hadi zinanitokea puani: mvua inapiga dirisha, kinanda kinapanda, na wewe mtazamaji unatakiwa utoe leso.

Lakini kulikuwa na tukio moja katikati. Ni jioni ya maziko, wageni wameondoka, na mama anaosha ile sahani. Anaosha tu. Mwigizaji hakutoa chozi wala hakukunja kipaji cha uso, na muziki ulikuwa umekatwa, unasikia maji peke yake. Hapo ndipo niliposikia mtu akilia nyuma yangu.

Kilikuwa kilio cha chini, cha mtu anayejizuia. Muda si muda mwanamke wa pembeni yangu akaanza kuvuta kamasi, kisha wa mbele yake, kisha ukumbi mzima ukawa unapangusa macho. Niligeuka. Safu ya nyuma yangu walikaa watangazaji wa redio, macho makavu, nao wakigeuka kumtafuta mtu yuleyule. Baada yao viti vilikuwa vitupu hadi ukutani, maana lilikuwa onyesho la waalikwa na sote tulisogezwa mbele.

Kesho yake sifa zikafurika. Mhakiki wa gazeti shindani, bwana mmoja anayeandika kila filamu kama anaiposa, alisema mwigizaji yule "hakulia, bali ukumbi ulilia kwa niaba yake." Niliisoma sentensi hiyo nikasonya. Ukumbi hauanzi kulia hivi hivi. Lazima kuna aliyeuanzishia.

Nikarudi kuiona tena, safari hii kwa tiketi ya kununua, na ukumbi umejaa pomoni. Sahani, maji, kimya, na yule mtu akaanza kulia palepale, nyuma kabisa. Watu wakamfuata kama darasa linavyomfuata kiranja. Nikajiambia, kumbe. Hawa wamekodi waliaji.

Niliandika hivyo hivyo kwenye makala yangu ya Ijumaa, bila kupaka mafuta. Nikasema filamu isiyoweza kuliza watu kwa miguu yake imewekewa mtu wa kuisukuma, na kwamba machozi ya mji huu yanaanzia kwenye koo la mtu aliyelipwa. Nikamaliza kwa kumshauri msomaji akienda sinemani akae na mkoba wake mapajani, kwani anayekuibia machozi hashindwi na pochi.

Barua za namna ile sijawahi kuziona. "Dada Ndimu, wewe una mama kweli?" "Mumeo ana kazi." Mwanamke mmoja aliandika kwamba alitoka ukumbini akampigia simu kaka yake waliyekuwa wamenuniana tangu msiba wa baba yao, wakazungumza mpaka simu ikazimika, na kwamba mimi sifai hata kuosha hiyo sahani. Mhariri wangu alikuwa anazisoma kwa sauti huku amekaa kwenye kona ya meza yangu, anachekelea.

"Ukitukanwa wewe gazeti linatoka," aliniambia. "Sasa niletee ushahidi. Nitajie huyo mliaji nikupe ukurasa mzima."

Hapa niseme jambo ambalo ningelisema mapema kama nisingekuwa na hasira. Aliyeshughulikia sauti za filamu hiyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumbani tunamwita Maiki, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa anatuwekea vinasa sauti chini ya vitanda. Baada ya miaka ya kurekodi matangazo ya sabuni na hotuba za watu wenye vitambi, filamu hii ndiyo iliyomtoa. Sikumtaja kwenye makala, lakini mama alikuwa amekwisha kuona mwanawe amechokozwa.

"Umemwandika mdogo wako vibaya," alinipigia simu asubuhi hiyohiyo.

"Mama, nimewaandika waliaji. Yeye hashughuliki na viti."

"Sijui viti. Jumamosi nakwenda na wenzangu kuiona. Nataka nione jina lake limepita pale juu, halafu wote wajue ni wangu."

Mama ni mkunga mstaafu, na wenzake hao ni wakunga wastaafu kama yeye, wanaokutana kila Jumamosi kunywa chai na kuulizana magoti yanaendeleaje. Akisema jambo mbele yao limekwisha kuwa sheria. Nikamwambia sawa, nitakuja kumchukua.

Meneja wa sinema naye alinitafuta. Ni mtu mpole, ana sauti ya kuomba radhi hata anapogomba. "Dada, njoo mwenyewe," alisema. "Chagua onyesho, chagua kiti. Ukimkuta mliaji wangu wa kukodi, nitakuachia hata funguo za ukumbi."

Nilichagua onyesho la asubuhi ya katikati ya wiki, ambalo huwa halina watu. Mle ndani kulikuwa na vijana wawili waliokuja kwa shughuli zao na hawakuwa na habari na skrini, na mzee mmoja aliyelala na begi kifuani. Nilikwenda kukaa safu ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Nilikuwa nimefurahi, sifichi. Ama mliaji atakuja nimwone kwa macho yangu, ama hatakuja na filamu ibaki uchi.

Mama wa kwenye filamu akachukua sahani. Maji yakafunguliwa. Na kilio kikaanza, nyuma yangu, mahali ambapo hapakuwa na nyuma.

Niliruka nikasimama juu ya kiti. Ukutani, juu ya kichwa changu, kulikuwa na spika nyeusi. Nikatega sikio. Ndimo alimokuwa. Hakukodiwa mtu yeyote, walikichukua kilio wakakitia kwenye spika za nyuma tu, kidogo sana, ili kila mtu afikiri ni jirani yake aliyezidiwa. Kwa kweli nilitaka kupiga makofi. Ujanja wa namna ile sijapata kuuona, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika ule ukurasa mzima.

Halafu yule mwanamke wa ndani ya spika akavuta pumzi, akaikata, akasema "mm-mm", chini kwa chini, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

Ile "mm-mm" naijua. Nimekua nayo. Ndiyo niliyojibiwa kila nilipoomba ruhusa ya kwenda mahali nisipotakiwa. Nilishuka kwenye kiti nikakaa, na filamu ikaendelea na mambo yake mpaka taa zikawaka.

Studio ya mdogo wangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kuta zote zimegongelewa magodoro ya zamani, na ukiingia unasikia hata kumeza mate kwako mwenyewe. Alikuwa amevaa vile visikizio vyake vikubwa, ananyoosha sauti ya mtu anayetangaza bima. Aliponiona alivivua akavishusha shingoni. Hakuniuliza kilichonileta.

"Ni mama," nilisema.

"Ni mama," alisema.

"Ulimrekodi lini?"

"Siku tuliyomzika baba. Sikumrekodi kwa kukusudia, dada. Mjomba alitaka hotuba zote zirekodiwe kwa ajili ya walio mbali. Nilikuwa na kinasa sauti cha akiba, nikakiacha dirishani kwenye kile chumba cha uani kinase sauti za nje kwa mbali. Nikakisahau. Mama akaingia humo akafunga mlango."

Nilikumbuka siku ile. Kila aliyeondoka alitusifia mama: mwanamke jasiri yule, hajatoa chozi, amejikaza kisabuni. Na sisi tulijivuna. Mimi nilikuwa nagawa chai uani, naingia na kutoka na sinia, na Maiki alikuwa amemshikia mjomba kipaza sauti. Mlango wa chumba kile ulikuwa hapo hapo.

"Nilikigundua kilio baadaye, nilipokuwa nakata hotuba," alisema. "Nimekaa nacho tangu wakati huo. Sikukifuta wala sikumwambia mtu. Halafu tukafika kwenye lile tukio la sahani, na mwongozaji akasema limekufa. Tukawaleta waigizaji wa kulia, wakalia mpaka sauti zikawakauka, na bado limekufa. Nikamwekea hiki. Akainamisha kichwa mezani. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtu tu."

"Mtu tu?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Nilitaka usimuuze mama yako, ndilo nililotaka." Nilipaza sauti kiasi kwamba magodoro yote yale hayakutosha kuimeza. "Umemchukua mahali alipokwenda kujificha, ukamtundika ukutani ili watu walie huku wanakula bisi. Na Jumamosi anakuja na wenzake, amejipamba. Atajisikia akilia."

"Hatajijua. Hakuna mtu anayeijua sauti yake mwenyewe akilia."

"Kitoe."

"Filamu iko kwenye kumbi zote, dada. Kutoa siwezi. Nikisema sababu, nimekwisha, hakuna atakayenipa kazi tena." Akavigusa vile visikizio shingoni. "Naweza kumwomba mpiga mitambo azime spika za nyuma onyesho lile moja. Ananijua."

"Utamwomba?"

"Nitamwomba."

Alikubali upesi mno. Mdogo wangu namfahamu. Akitaka kukataa jambo husema ndiyo haraka ili uondoke. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, na nilichokiona ni mtu asiyelala vizuri. Nikaondoka nikiwa na mashaka zaidi kuliko nilivyoingia.

Mhariri alinisubiri na ukurasa wake mtupu. Nikamwambia sijapata kitu, labda yalikuwa masikio yangu. Alinitazama kama anayetazama gari lake limegoma kuwaka. "Ndimu imekauka," alisema, akampa ukurasa mtu wa michezo. Wasomaji walipoona nimenyamaza walidhani nimeona aibu, wakaniandikia tena, sasa kwa upole, kunialika nikaitazame filamu kwa moyo uliofunguka. Upole wao uliniuma kuliko matusi.

Siku zilizobakia nilijaribu kumzuia mama. Nikamwambia viti vya ukumbi ule vinaumiza mgongo. Akasema atakuja na mto. Nikamwambia filamu yenyewe ya kawaida, inalegalega. Akasema na yeye analegalega, watafaana. Nilipomwambia ina msiba ndani, akasema misiba anaijua, na kwamba mimi nina lengo la kumkosesha mdogo wangu raha yake, na kijicho kati ya watoto wa mama mmoja ni kibaya.

Jumamosi mchana walijaza safu nzima, wakunga wastaafu na mikoba yao, wameketi wima kana kwamba wanasubiri kuitwa na daktari. Mama alikaa mwisho wa safu, kwenye njia, mimi kando yake. Maiki alikuja kuwasalimia mmoja mmoja kwa adabu, akapokea sifa, kisha akapanda kwenda nyuma kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Nilimfuata kwa macho. Aliingia, akatoka, akakaa safu ya mwisho peke yake. Nikamwinulia nyusi kumuuliza. Alitazama pembeni.

Filamu ilianza. Mama alitazama kama anavyotazama kila kitu, kwa kukosoa: sufuria ile ndogo kwa familia ile, yule binti hajui kukunja shuka. Mimi sikuwa naona chochote. Nilikuwa nimegeuzia sikio nyuma. Baba wa filamu aliugua, akafa, wakamzika, na wenzake mama wakaanza kufungua mikoba kutafuta leso. Nilijiambia, amezima. Ni mdogo wangu, atakuwa amezima.

Mwigizaji akachukua sahani. Maji. Na mama yangu akaanza kulia nyuma yetu.

Nilimshika mkono mama aliyekuwa amekaa kando yangu. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua kichwa. Kote ukumbini watu walikuwa wanaanza kuvuta kamasi, safu yetu yote imeinama, na yeye peke yake akawa anasikiliza, uso umekaza, kama nilivyokuwa nikimwona zamani anapotega sikio kwenye tumbo la mtu.

"Huyo mama analia peke yake," aliniambia.

"Ni filamu, mama."

"Filamu iko mbele. Huyo yuko nyuma." Aliuvuta mkono wake. "Mtu analia hivyo na hakuna anayemshika? Nyinyi mna nini?"

Akainuka. Nilimwita kwa kunong'ona, hakugeuka. Alipanda ile njia taratibu, kwa magoti yake yale, akishika kiti baada ya kiti, akimtazama kila mwanamke aliyempita, na kila mmoja alikuwa analia kivyake, siye aliyekuwa akimtafuta. Nilimfuata. Alipofika juu kilio kilikuwa kimekwisha na kinanda kimeanza. Aliangaza macho kwenye safu ya mwisho. Hakuwapo mtu ila Maiki.

Nilimtazama mdogo wangu kwa macho ya kumla. "Sikumwambia azime," alisema kabla sijamuuliza. "Nimechoka kuficha."

Mama hakumwelewa, au hakujali. "Baba, wewe ulikuwa huku nyuma," alimwambia. "Hukumsikia mama mmoja analia?"

"Nilimsikia."

"Sasa ukafanya nini?"

Maiki alikuwa ameshika mikono miwili ya kiti chake. Nilitaka anyamaze. Nilitaka pia aseme, na sijui ni lipi nililitaka zaidi.

"Nilimrekodi, mama."

Mama alisimama pale akimtazama. Mwanga wa skrini ulikuwa unampita usoni, mara ung'ae mara ufifie. Akainua macho akaiona spika ukutani, akaitazama kwa muda, na mkono wake mmoja ukapanda taratibu ukafunika mdomo.

"Chumba cha uani," alisema.

Maiki aliinuka, akaitikia kwa kichwa. Mama akageuka kwangu. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nilisubiri anitukane. Nilisubiri ampige kofi Maiki, ambalo angestahili, na nikajiandaa kutolizuia. Mama alishusha mkono, akatafuta kiti kwa nyuma, akakaa. Chini kule wenzake walikuwa bado wanapangusa macho, na ukumbi mzima pamoja nao, watu wasiomjua hata jina.

"Mji wote umenisikia," alisema. "Na nyinyi mlikuwa nje ya mlango."

Filamu ilikuwa imefika pale watoto wanapogombania nyumba, wanapiga kelele, na hakuna kati yetu aliyeitazama.

"Mnasimama nini?" mama alisema. "Kaeni."

Maiki akasogea kiti kimoja akakaa, mimi nikapita mbele ya magoti ya mama nikakaa upande wa pili. Mama alitushika mikono, akaiweka mapajani mwake, akaanza kulia, na hakujizuia.